Umeme Ulikatika, Ufunguo Ukapotea: Uchambuzi wa Kisa cha Kazi ya Usiku Iliyokataliwa na Seva

Kisa hiki kilitokea kwenye taasisi yenye makao makuu na matawi. Nimeondoa jina la taasisi, mji, aina ya shughuli na majina ya watu wote. Mfuatano wa matukio na tabia ya programu nimeviacha vilivyo, kwa sababu humo ndimo lilimo somo kwa yeyote anayeandika programu zinazoitana kupitia mtandao kwa kutumia funguo za siri.

Usuli

Kila saa nane usiku, cron, mtumishi wa kuendesha kazi kwa saa zilizopangwa, kwenye mashine ya tawi ilikuwa ikiamsha programu iliyoandikwa kwa C. Programu hiyo ilikusanya miamala ya siku nzima na kuituma kwa seva ya makao makuu. Mashine zote mbili zilikuwa za mfumo endeshi wa Solaris, na mawasiliano yalipita kwenye RPC ya Sun, ile njia ambayo programu ya mashine moja huita fanksheni iliyo kwenye mashine nyingine kana kwamba iko hapo hapo.

Uthibitisho uliotumika ni AUTH_DES, ambao nyaraka za baadaye zinauita pia AUTH_DH. Ni mfumo uliotoka Sun Microsystems miaka ya 1980, na maelezo yake yamo kwenye waraka wa kiufundi wa mtandao, RFC 1057 ya Juni 1988. Msingi wake ni huu: kila mtumiaji ana funguo mbili. Ule wa umma umewekwa wazi kwenye jedwali la publickey. Ule wa siri umo kwenye jedwali hilo hilo, lakini umefungwa kwa nywila ya mwenyewe. Kila mmoja anajulikana kwenye mtandao kwa jina la namna ya unix.1042@eneo, yaani namba yake ya mtumiaji pamoja na eneo la mtandao.

Nywila ikishaandikwa, ufunguo wa siri hufunguliwa na kukabidhiwa kwa mtumishi wa chinichini aitwaye keyserv. Yeye huuweka kwenye kumbukumbu ya mashine, akiupanga kwa namba ya mtumiaji. Tangu hapo programu yako haiushiki ufunguo wa siri hata mara moja. Inamwomba keyserv afanye kazi kwa niaba yake. Fanksheni key_gendes inatoa ufunguo wa kubahatisha wa DES, njia ya kusimba data, kwa ajili ya mazungumzo hayo tu. Kisha key_encryptsession inapeleka ufunguo huo kwa keyserv pamoja na jina la seva, naye anauchanganya ufunguo wako wa siri na ufunguo wa umma wa seva kwa njia ya Diffie na Hellman, anapata ufunguo wa pamoja, na kuufungia ule wa mazungumzo. Upande wa pili, seva inaufungua kwa key_decryptsession. Zimebaki mbili: key_setsecret ya kumkabidhi keyserv ufunguo wa siri, na key_secretkey_is_set ya kumuuliza kama anao.

Waandishi wengi wa programu hawaziiti fanksheni hizi kwa majina. Wanaita authdes_seccreate, nayo inaziita ndani kwa ndani. Hapo tawini ilikuwa hivyo hivyo, na ndiyo maana hakuna aliyekuwa anazifahamu siku zilipokwama.

Jambo moja zaidi la kushika: kumbukumbu ya keyserv inafutika mashine ikizimika. Kwa root, yaani msimamizi mkuu wa mashine, lipo faili la /etc/.rootkey, ambalo keyserv hulisoma anapoamka. Mtumiaji wa kawaida hana faili kama hilo. Ufunguo wake unarudi pale anapoingia kwa nywila au anapoendesha keylogin, amri inayomwomba nywila na kumkabidhi keyserv ufunguo. Na cron haiandiki nywila ya mtu.

Mfuatano wa matukio

Siku ya Jumatano mchana umeme ulikatika tawini. Jenereta ilichelewa, betri za akiba zikaisha, mashine ikazimika. Ilikuwa haijazimika kwa zaidi ya mwaka. Umeme uliporudi iliwaka bila tatizo, watu wakaendelea na kazi. Seva ya makao makuu haikuguswa kabisa.

Usiku huo kazi ya saa nane ilishindwa. Logi ilisema ni kosa la uthibitisho, sababu: hati ya mteja ni dhaifu mno. Kwa kuwa jibu hilo lilitoka kwa seva, mafundi wa makao makuu waliamini tatizo liko kwao, wakaitafuta seva mchana kutwa.

Asubuhi ya Alhamisi fundi wa tawi aliingia kwa akaunti ya kazi hiyo, akaandika nywila, akaendesha programu kwa mkono. Ikashindwa tena, ila kwa maneno mengine: safari hii seva ilisema imeikataa hati. Akatoka. Usiku wa pili cron ikaendesha, na jibu likarudi kuwa lile la kwanza. Alipotupigia simu alisema hivi: "Kaka, usiku inasema dhaifu, mchana inasema imekataliwa. Mashine moja, programu ile ile. Mimi sielewi."

Kabla hatujaitwa, uamuzi mmoja ulishafanyika. Siku mbili zilipita bila taarifa za tawi, na wakuu walizihitaji. Seva ilikuwa na sharti dogo: ombi lolote lisilokuja kwa AUTH_DES linajibiwa kwa svcerr_weakauth. Ijumaa jioni mtu aliliondoa sharti hilo "kwa usiku mmoja tu". Usiku huo data ikapita, kila mtu akashusha pumzi, na jalada likakaribia kufungwa.

Aliyelizuia lisifungwe ni msimamizi wa makao makuu. Aliuliza swali moja: imepita kwa uthibitisho gani?

Tulifika Jumamosi. Tulisoma msimbo wa programu ya tawi na tukakuta mistari hii:

    auth = authdes_seccreate(jina_la_seva, 60, NULL, NULL);
    if (auth == NULL)
        auth = authsys_create_default();
    clnt->cl_auth = auth;

Hapo lile neno "dhaifu" likaeleweka. Programu ilikuwa inajaribu uthibitisho wa kweli, ikishindwa inahamia kimya kimya kwenye AUTH_SYS, ambamo mteja anajiandikia mwenyewe namba yake ya mtumiaji na seva inamwamini. Seva ilikuwa ikifanya haki kukataa. Kosa la kweli lilitokea hatua moja kabla, kwenye mashine ya tawi, na mistari miwili ya kati ndiyo iliyolificha.

Tuliandika programu ndogo ya kuita getnetname na key_secretkey_is_set, basi. Hatukuiendesha kwa mkono. Tuliiweka kwenye cron ya akaunti ile ile, kwa sababu ukishaingia kwa nywila umeshabadilisha kile unachotaka kukipima. Jibu la kwanza: jina ni sahihi, ufunguo haupo. Tukaingia kwa nywila na kuiacha cron iendeshe tena: ufunguo upo. Tukatoka, tukasubiri dakika tano: ufunguo haupo.

Keyserv hafuti ufunguo kwa sababu tu mtu ametoka. Tukafungua faili la .logout la akaunti hiyo, lile linalosomwa mtu anapotoka, tukakuta mstari mmoja: keylogout, amri ya kuuondoa ufunguo kwa keyserv. Kila fundi aliyeingia mchana aliuweka ufunguo bila kujua, na alipotoka akauondoa bila kujua.

Lakini kwa nini kazi ilifanya vizuri zaidi ya mwaka mzima? Tukampigia mzee aliyeisimika, ambaye alikuwa ameshastaafu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mashine imezimika, eh? Hiyo baada ya kuwasha unaingia kama root, unafanya su kwenda kwenye ile akaunti, unapiga keylogin. Mara moja tu. Sikuwaandikia?"

Hakuwaandikia. Na kwa kuwa alipita kwa su ya kawaida, shell yake haikuhesabika kuwa ya kuingia, kwa hiyo .logout haikusomwa na ufunguo ulibaki. Kwa muda wote huo kazi ya usiku ilitegemea nywila aliyoiandika mtu mmoja siku moja.

Ilibaki lile kosa la mchana. Ufunguo ukiwepo seva ilikuwa bado inakataa, lakini kwa sababu nyingine kabisa. Tuliandika date kwenye mashine zote mbili kwa wakati mmoja: saa ya tawi ilikuwa nyuma kwa zaidi ya dakika nne. Namba 60 kwenye msimbo hapo juu ni dirisha la sekunde. Hati yenye muhuri wa muda uliopitwa kwa zaidi ya hapo inakataliwa. Mtumishi wa kusawazisha saa naye aliwahi kuwashwa kwa mkono zamani, na baada ya umeme kurudi hakuna aliyemkumbuka.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kurudisha sharti la seva papo hapo, kabla hata ya kumaliza uchunguzi. Mkuu mmoja alipinga, akasema tutampotezea usiku mwingine. Tulikubaliana kwamba data ya usiku huo ibebwe kwenye tepu na gari la ofisi asubuhi. Ni njia ya kizamani, lakini dereva na aliyepokea walijulikana kwa majina na walitia saini.

Wa pili ndio uliotuchukua muda: ufunguo urudi vipi mashine ikiwaka na hakuna mtu? Kumwachia fundi apige keylogin kila mara hatukukukubali, kwani ndiko kulikotufikisha hapo. Kijana mmoja alikuwa ameshaanza kuandika skripti ya expect, programu inayojibu maswali ya skrini badala ya mtu, yenye nywila ndani yake. Tulimsimamisha. Nywila hiyo inafungua zaidi ya ufunguo: inamruhusu yeyote atakayeisoma kuingia kwenye akaunti, hata akiwa mbali. Pendekezo la tatu lilikuwa kuendesha kazi yote kama root ili itumie ufunguo wa mashine ulio kwenye /etc/.rootkey. Lilivutia kwa wepesi wake, lakini lingeipa programu ya kutuma miamala uwezo wote wa mashine, na seva ingeona jina la mashine mahali ilipozoea kuona jina la mtumiaji.

Tukachagua programu ndogo inayoendeshwa wakati wa kuwaka, baada ya keyserv. Inasoma ufunguo wa siri wa akaunti, tarakimu 48 za msingi wa kumi na sita, kutoka faili ambalo root pekee anaweza kulisoma kwenye diski ya mashine hiyo hiyo. Kisha inavaa namba ya akaunti kwa seteuid, inaita key_setsecret, inafuta bafa, inathibitisha kwa key_secretkey_is_set na kuandika kwenye logi. Tulikubali wazi kwamba faili hilo ni la kulindwa sawa na /etc/.rootkey. Mwizi wa kiwango cha root angeweza kuuchukua ufunguo hata bila faili, kwa hiyo hatukufungua mlango mpya kwake. Tulichokiogopa ni nakala za akiba, na folda hiyo tuliiondoa kwenye tepu za kila wiki.

Toleo la kwanza la programu hii lilikuwa na makosa mawili, na nayaeleza kwa kuwa ni rahisi mno kuyafanya. La kwanza lilikuwa la mpangilio: key_setsecret iliitwa kabla ya seteuid. Keyserv huhifadhi ufunguo kwa namba ya yule anayeita wakati huo, kwa hiyo kwenye mashine ya majaribio tulifuta ufunguo wa root na kuweka wa akaunti mahali pake. Folda za NFS, yaani zinazoshirikiwa kupitia mtandao, zilizotegemea ufunguo wa mashine zikaanza kukataliwa moja baada ya nyingine. Tuliurudisha kwa kumwasha keyserv upya ili asome /etc/.rootkey.

La pili ni la majibu ya fanksheni. Jamii ya getnetname, user2netname na netname2user inarudisha 1 ikifaulu na 0 ikishindwa. Jamii ya key_setsecret, key_gendes, key_encryptsession na key_decryptsession inarudisha 0 ikifaulu na -1 ikishindwa. Na key_secretkey_is_set, ingawa jina lake linaanza na key, inarudisha 1 ufunguo ukiwepo na 0 usipokuwepo. Mwenzetu alizoea getnetname, akaandika if (!key_setsecret(bafa)) kama ndilo tawi la kosa. Programu ikafaulu na kuripoti kwamba imeshindwa. Tulikuwa na bahati kosa lilielekea upande huo.

Uamuzi wa tatu: ile mistari ya kuhamia AUTH_SYS tuliifuta. Sasa authdes_seccreate ikirudisha NULL programu inasimama na kutaja sababu. Tuliongeza pia ukaguzi wa saa kumi na mbili jioni, wa kuuliza kwa cron kama ufunguo upo, ili ukikosekana mtu ajue kabla ya saa nane.

Kuhusu saa, mmoja wetu alipendekeza dirisha liongezwe kutoka sekunde 60 hadi 600. Tulikataa. Seva hukumbuka muhuri wa mwisho wa kila mteja na kukataa uliorudiwa, lakini kumbukumbu hiyo hupotea seva ikiwashwa upya, na hapo dirisha ndilo kinga iliyobaki dhidi ya mtu anayerudia ujumbe alioudaka. Hoja ya tatu ya authdes_seccreate ingeweza kutaja mashine ya kuulizia saa. Nayo tuliiacha NULL, kwa sababu jibu la swali hilo halithibitishwi. Tuliweka NTP, ile huduma ya kusawazisha saa, iwake yenyewe, yenye vyanzo zaidi ya kimoja.

Matokeo

Kazi ya usiku uliofuata ilipita. Miezi michache baadaye umeme ulikatika tena, mashine ikazimika na kuwaka Jumapili wakati ofisi imefungwa, na saa nane usiku data ikaenda. Mwaka uliofuata taasisi ilihamia RPCSEC_GSS juu ya Kerberos, uthibitisho mpya zaidi wa RPC, ambako faili la keytab ndilo njia ya kawaida ya kuipa huduma ufunguo wake bila mtu.

Kuhama huko kulikuwa kwa lazima hata bila kisa hiki. Namba tasa ya AUTH_DES ya asili ina biti 192, na mwaka 1991 LaMacchia na Odlyzko walionyesha kwamba ukubwa huo hautoshi. DES yenyewe ina ufunguo wa biti 56, na mwaka 1998 mashine ya Electronic Frontier Foundation iliuvunja kwa saa 56. RFC 2203 iliyoeleza RPCSEC_GSS ilikuwa imetoka tangu Septemba 1997. Yeyote anayeanza leo asianzie AUTH_DES. Mwenye mfumo wa zamani bado analazimika kuuelewa ili autoe salama.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi vizuri zaidi ni kupima mahali kazi inapofanyikia. Fundi wa tawi hakuwa mzembe. Alifanya ambacho wengi wetu tungefanya: aliingia, akaendesha, akasoma kosa. Lakini kuingia kwenyewe kulibadilisha hali ya keyserv, na kutoka kukabadilisha tena. Alikuwa anatazama kosa la saa wakati usiku kosa lilikuwa la ufunguo. Bila ile programu ya mistari michache kwenye cron tungeweza kubishana wiki nzima.

Sharti la seva nalo lilifanya kazi yake. Liliandikwa na mtu aliyefikiria, likakataa ombi dhaifu usiku mbili mfululizo. Msimbo ulisimama imara, sisi watu ndio tuliolegea usiku wa tatu. Naelewa shinikizo lililokuwepo, ila ukweli ni kwamba mtu alisoma "hati ni dhaifu mno" na kuona dawa ni kuikubali hati dhaifu.

Kosa kubwa kuliko yote, kwangu mimi, ni ile mistari miwili ya kuhamia AUTH_SYS. Niliwahi kuandika mistari ya namna hiyo kwenye programu nyingine, kwa nia njema, nikidhani naongeza uimara. Kwenye mambo ya funguo, njia ya pili isiyo na uthibitisho inakula mambo mawili kwa pamoja. Inaondoa ulinzi siku ambayo ulinzi umeshindwa, na inabadilisha ujumbe wa kosa uwe wa jambo jingine. Kama authdes_seccreate ingeachwa ishindwe hadharani, logi ya usiku wa kwanza ingeelekeza kwa keyserv wa tawi, na makao makuu wasingepoteza siku wakiitafuta seva.

Simu ya mzee nayo nimeifikiria sana. Wapo waliotaka kumlaumu. Yeye aliacha mfumo unaofanya kazi, na nyaraka hakuna aliyemwomba. Kilichokosekana ni zoezi la kuizima mashine makusudi, mchana, watu wakiwepo, kisha kutazama nini kinarudi chenyewe na nini hakirudi. Zoezi hilo la nusu saa lingefichua ufunguo na saa kwa pamoja. Sasa linafanyika kila baada ya miezi mitatu.

Ule usiku wa Ijumaa haukupata jibu kamili. Tulilinganisha jumla za miamala iliyopokelewa na vitabu vya tawi, mstari kwa mstari, kazi ya siku mbili za watu watatu. Zililingana zote. Lakini kulingana kwa hesabu hakuthibitishi nani aliyetuma. Seva iliandika namba 1042, ile ya akaunti ya tawi, kwa kuwa ndiyo aliyoambiwa, na mashine yoyote iliyokuwa kwenye mtandao usiku huo ingeweza kuitaja. Mkuu wa kitengo alitaka ripoti iseme data ya usiku huo ni salama. Baada ya majadiliano marefu tuliandika hivi, na ndivyo ilivyosainiwa: miamala inalingana na vitabu vya tawi, mtumaji hajathibitishwa.